Beji Kwenye Msumari

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, mtaani walimwita Bwana Mifupa. Si kwamba alikuwa mwembamba, la, tumbo alikuwa nalo la kutosha. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za eksirei hospitalini. Ukimsalimia alikutazama bega kwanza, uso baadaye, kama anayetafuta palipovunjika.

Chumba chake nakijua. Mimi ni fundi seremala, na mlango wake niliutengeneza mimi, mzito ajabu, maana katikati umewekwa bati la madini ya risasi la kuzuia mionzi. Nyuma ya mlango huo Bwana Mifupa aligongea msumari wake mwenyewe.

Wafanyakazi wa pale hupewa beji ndogo ya kuvaa kifuani, inayopima mionzi waliyoipata. Ikionekana imezidi, mwenyewe huondolewa kwenye mashine na kupelekwa stoo kupanga mashuka. Na shemeji alikipenda chumba kile kuliko mkewe. Dada ndiye asemaye hivyo, si mimi. Basi akiletwa mtoto asiyetulia, na mama yake ni mjamzito haruhusiwi kuingia, shemeji alitundika beji msumarini, akamshika mtoto kwa mikono mitupu, mwenzake akabonyeza kitufe cha mashine. Glavu za risasi zilikuwepo, ila aliona zinawatisha watoto. Picha zilitoka safi. Beji nayo kila ikipelekwa kupimwa ilirudi na habari njema. Msumari hauugui.

Jioni alijisifia ujanja huo mezani, na bintiye wa mwisho, Kitinda, akimsikiliza mdomo wazi. Hakuna aliyeshangaa binti alipokua akasomea kazi ileile, akaajiriwa chumba kilekile.

Vidole vya shemeji vilianza kukauka angali kazini, kucha zikapasuka. Alipokwisha kustaafu kikatokea kidonda kwenye kidole cha shahada. Dada alikipaka kila mafuta yanayouzwa na mengine yasiyouzwa. Hakikufunga. Ndipo nikampeleka kwa daktari wa upasuaji, naye akakata kinyama kidogo kikapimwa.

"Mzee, hii ni saratani ya ngozi."

"Nimestaafu zamani, daktari. Mashine niliiacha huko. Itanifuataje nyumbani?"

Daktari hakumcheka. Alisema mionzi haikai mwilini kama vumbi, hupita. Lakini kila ilipopita ilijeruhi chembe za ngozi kidogo kidogo. Nyingi mwili ulizitengeneza, nyingine zikatengenezwa vibaya, na hizo mbovu zikazaana polepole, miaka na miaka.

"Mtu anayepigwa picha mara mojamoja asiogope," akasema. "Wewe mkono wako umo ndani ya picha za watu wote. Tukikata kidole sasa, mkono unabaki. Ukichelewa, mkono siuahidi."

Shemeji akawa mtu wa wiki ijayo. Wiki ijayo ikifika, anatafuta nyingine.

"Mifupa ya watu unaijua, baba Kitinda," dada akamwambia. "Ya kwako ndiyo inakushinda."

Mimi aliniambia pembeni, tukiwa karakanani kwangu. "Wakikikata kidole, Kitinda atauliza kwa nini. Nitamjibu nini? Kwamba beji zangu zote zilikuwa uongo?"

Nilipiga randa ubao ambao ulikuwa laini tayari.

Mwishowe alikubali picha tu, ya kuona kama ugonjwa umefika kwenye mfupa. Nikamsindikiza. Tulimkuta Kitinda na mwenzake wana mtoto aliyeanguka, anarusha miguu na kulia, baba yake amesimama kando. Kitinda akavua beji. Akaitundika msumarini bila hata kuangalia, kama mtu anayezima taa ya kwake, akakunja mikono ya koti.

"Acha!"

Sijapata kumsikia shemeji akipaza sauti vile. Hata mtoto alinyamaza.

"Baba, si wewe ndiwe uliyekuwa..."

Alifungua bandeji mbele yake. Kitinda alikitazama kidonda kwa muda mrefu, kisha msumari, kisha kidonda tena. Akaelewa.

"Na ulinyamaza," akasema.

"Nilinyamaza, mama. Vaa beji yako."

Wakamfunga mtoto shuka, wakamwekea mifuko ya mchanga pembeni, baba yake akavishwa aproni ya risasi, akasimama kichwani kumwimbia. Picha ya kwanza ilitikisika. Ya pili ikatoka. Halafu ikaja zamu ya mkono wa shemeji, na mfupa ulikuwa bado mzima.

"Mwambieni daktari akate kesho," akasema.

Daktari alikata. Mkono ulibaki, ingawa ataendelea kumchunguza maisha yake yote. Kabla hata bandeji haijatoka, shemeji alinifuata karakanani. "Lete koleo, twende."

Msumari ulinitoa jasho.

"Umeupinda ndani," nikamwambia. "Ufundi wa mpiga picha huu."

"Vuta tu, usinipigie kelele."

Ulipotoka, Kitinda alikuwa mlangoni, beji kifuani.

"Sasa koti langu nitalitundika wapi?"

"Livae," babaye akasema.