Ng'ombe Aliyeitwa Pensheni

Juzi kwenye foleni ya duka la dawa, mzee aliyesimama mbele yangu alikuwa ananukia dawa ya kuchua, ile kali inayopanda puani hadi machozi yakutoke. Nilisahau nilichokuja kununua. Wenzangu mliolelewa nyumba za reli kule Makadara, Nairobi, mnaijua harufu hiyo. Kwetu ilikuwa harufu ya baba.

Baba alikuwa fundi wa mabehewa. Nyuma ya nyumba, kwenye banda la mbao na mabati, alifuga ng'ombe mmoja mwekundu akamwita Pensheni, kwa sababu, alisema, siku reli itakapomtupa, huyo ndiye atakayemlisha. Maziwa mama aliyagawa sehemu mbili. Ya chai yalichemshwa. Ya kibuyu hayakuonja moto, maana kwao Bungoma alifunzwa kwamba maziwa yaliyochemshwa hayagandi vizuri na hayana nguvu. Akina mama majirani walikuja na mitungi yao kutaka hayo ya kibuyu, wayale na ugali, nami nikaringa shuleni kama mtoto wa tajiri.

Masika moja Pensheni alitupa mimba. Ndama alikwama akiwa ametoka nusu, tayari amekufa. Baba alikunja shati akamvuta kwa mikono mitupu, sisi tukitazama, kisha akanawa akaenda kazini. Tulimsifu sana. Mama alisema wanaume wengine wangekimbia.

Homa ilikuja baadaye. Jioni alitetemeka na kulowa jasho, asubuhi akaamka kama hana neno, lakini akifika karakana mgongo unakataa kunyooka. Kliniki walimpa dawa ya malaria. Homa ikarudi, wakampa nyingine. Usiku mama alimchua. Alikonda hadi mkanda ukatobolewa matundu mapya kwa msumari. Na kila jioni mama, kwa kumpenda, alimjazia kikombe kikubwa cha maziwa ya kibuyu, sisi watoto tukanyimwa ili baba apate nguvu. Hilo linaniuma hadi leo kuliko mengine yote.

Miaka hiyo, mtu akikonda Nairobi, watu walikuwa na jibu moja tu. Mama Atieno, jirani wa ukuta mmoja na kiongozi wa akina mama kanisani, aliacha kunywa chai kwetu. Tulipokuwa na maombi nyumbani alikuja na kikombe chake ndani ya mkoba. Uwanjani mvulana mmoja aliniambia, "Usinishike. Mzae wako ako na kale kadudu." Nilimpiga. Nilirudi nyumbani kola imeraruka, na mama akachukua sindano akaishona. Lakini kesho yake mtungi wa Mama Atieno ulikuwa mlangoni petu, kwa maziwa ya kibuyu, kama kawaida.

Baba alifutwa kazi kwa kukosa kufika kazini mara nyingi. Mwishowe mjomba alimpeleka hospitali nyingine, na daktari kabla hata hajamgusa aliuliza, "Mzee, kwenu mnafuga?" Damu ikapimwa. Ilikuwa brusela, ugonjwa wa ng'ombe wanaotupa mimba, unaompata binadamu kupitia maziwa mabichi na mikono inayozalisha. Sisi wengine ulitukosaje, sijui. Vidonge viliondoa homa. Mgongo haukupona.

Mama alipita mlango kwa mlango. "Ni ugonjwa wa ng'ombe. Chemsheni maziwa, na mwenye homa akapimwe."

"Sawa, Mama Nekesa. Pole," waliitikia, kwa upole mwingi.

Nilidhani wameamini. Nilipokua ndipo nilipojua kwamba kila nyumba yenye mgonjwa wa ukimwi wakati ule ilikuwa na jina lake la kufunikia: nimonia, kifua, kurogwa. Sisi, machoni pao, tulikuwa tumeleta ng'ombe.

Bwana mifugo alikuja, akampima Pensheni, akasema hana budi kuchinjwa. Jioni hiyo wanawake walijaa sebuleni, Mama Atieno mbele, kutupa pole. Walisikitika kweli. Mmoja alijifuta machozi kwa leso, akauliza sasa watapata wapi maziwa kama yale. Mama aliwapikia chai, ikapoa mezani. Baba alikuwa ameketi papo hapo kwenye kiti chake, na hakuna aliyemuuliza habari za mgongo.

Walipotoka alinigeukia, akacheka kidogo. "Umeona, Nekesa? Ng'ombe amepata matanga."

Nami nilicheka, nikidhani ni utani wake wa siku zote. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba baba alijua yeye ndiye waliyemzika kwanza, akiwa hai, na kwamba yeye hawakuja kumlilia.