Safari ya Masumbwe na Waya wa Pili

Simu ya Mama Neema ndiyo iliyonitoa nyumbani Nyasubi, mjini Kahama, Jumatatu ile. Yeye ni msimamizi wa zahanati moja nje kidogo ya Masumbwe, ambako miezi mitatu nyuma nilifunga mtandao wa kompyuta. Tangu Alhamisi, alisema, majibu ya maabara hayafiki kwa daktari; yanabebwa kwa karatasi, na mawili yameshapotea. Kisha akaongeza, "Kuna mtu amegusa vyombo vyako. Ukimjua niambie, leo leo anaondoka." Nilikata simu nikiwa na hamu kuliko hofu. Mtandao ule niliuacha ukikimbia vizuri, na mimi kitu nisichokielewa hakinipi usingizi.

Saa moja asubuhi, stendi ya Kahama. Nilipanda kosta ya kwenda Ushirombo inayopitia Masumbwe, begi mapajani, ndani yake kompyuta na ule waya wa bluu wa kuongea na swichi moja kwa moja. Jirani yangu, muuza mchele, aliuona akauliza kama ni wa kuchajia simu. Nikamweleza kuwa swichi ni kisanduku kinachogawa mawasiliano kwa kompyuta zote za jengo, na kikigoma unakichomeka waya huu, unaanza kukihoji kwa maandishi.

"Na kinajibu?"

"Kinajibu, tena hakijui kudanganya."

Akacheka, akasema angetamani kuajiri kimoja dukani kwake. Nje kulikuwa na majaruba ya mpunga, halafu ng'ombe waliovuka barabara bila haraka yoyote.

Saa tatu na nusu, Masumbwe. Bodaboda ilinishusha getini, na aliyenipokea ni Baba Doto, fundi wa matengenezo pale zahanati. Alichimba dhahabu miaka mingi kabla ya kupata kazi hii. "Mwangaluka, dada fundi! Za Kahama?" alinisalimu kwa Kisukuma. Akaulizia nyumbani, akaulizia mvua, akaulizia watoto ambao bado sina. Safari iliyopita salamu zake zilijaa utani. Siku hiyo hakutania.

Katika chumba cha swichi, taa zote zilikuwa zikipepesa kwa pamoja kama zimepagawa. Nilianza na ping, yaani kuiita mashine ya maabara na kusubiri iitike. Katika miito kumi, iliyojibiwa ni miwili.

"Hapo unafanyaje?" aliuliza Baba Doto nyuma yangu.

"Naita maabara, nione kama kuna anayeitika."

"Aa, kama kutikisa kamba ya duara kule machimboni. Wewe uko juu unatikisa, na aliye shimoni akitikisa na yeye, unajua mzima."

Nimesomea kazi hii miaka mitatu na sijawahi kusikia ping ikielezwa vizuri hivyo.

Nikachomeka waya wa bluu, nikaandika show mac address-table, amri inayoonyesha kila mashine inapatikana kupitia tundu lipi la swichi. Mashine ya maabara ilikuwa tundu la tano. Nikairudia amri: la sita. Nikairudia tena: la tano. Mashine moja haiwezi kuingilia milango miwili, na hapo nilisahau hata kiu niliyokuja nayo. Nikaandika show logging, na kumbukumbu za swichi zikamwagika: Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, tundu la sita limechomekwa waya. Kumbe nyaya mbili zilikuwa zinakwenda jengo lile lile la maabara, na ujumbe ulikuwa unazunguka kati yake bila kukoma mpaka mtandao mzima ukakosa pumzi.

"Baba Doto, Alhamisi saa nne nani alikuwa humu?"

Akatazama sakafu. "Mimi, dada. Nilikuta waya unaning'inia humu, na ncha yake nyingine inaning'inia kule maabara. Nikaona maabara yote imeshikwa na kamba moja. Kwenye duara letu hakuna aliyeshuka na kamba moja. Ya pili ilifungwa, hata kama siku nzima haiguswi. Basi nikaifunga pande zote mbili. Nikifukuzwa hapa, narudi shimoni. Na mama Doto nilimwahidi sirudi."

Aibu ilinishika, maana waya ule ulikuwa wangu. Niliuacha kama akiba, bila lebo, na kwa haraka ya kuwahi gari nilizima kinga ya swichi inayozuia mzunguko wa namna hii. Kinga ingekuwepo, kamba yake ya pili ingefanya kazi kama alivyodhani.

Saa sita kasoro, Mama Neema aliingia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umempata?"

Jibu la "ni umeme tu" lilinifika mdomoni, na angeliamini. "Nimempata," nikasema. "Aliyechomeka waya ni Baba Doto. Aliyeuacha bila kinga ni mimi. Kabla hujaamua, naomba dakika tano."

Nikawasha kinga. Taa zikatulia, miito yote ikajibiwa, na swichi ikauweka waya wa pili pembeni usubiri. "Baba Doto, chomoa wa kwanza." Alinikodolea macho. "Chomoa." Akachomoa. Maabara ikanyamaza. Miito ikapotea mmoja baada ya mwingine karibu dakika nzima, jasho likinitoka mbele ya Mama Neema. Kisha jibu moja. La pili. Yote.

"Ya pili imeshika," alisema Baba Doto kwa sauti ndogo.

Mama Neema alizitazama zile nyaya, kisha akamtazama yeye. "Lile bomba la uani bado linavuja. Kesho asubuhi nikute umelifunga."

"Nalifunga leo, Mama."

Kabla sijaondoka Baba Doto alikata plasta ya vidonda, akaandika juu yake KAMBA YA PILI, USIGUSE, akaibandika kwenye waya. "Wabeja, dada," alinishukuru, na safari hii aliniulizia mahari yangu ni ng'ombe wangapi.

Saa kumi, njiani kurudi Kahama, nilijaza fomu ya kazi. Ina nafasi ya kuandika chanzo cha tatizo, na kwa miaka yote hapo mimi huandika neno moja: mtumiaji. Siku ile niliandika jina langu.