Hatua Mbili kutoka Kitandani

Zulhumor alipopata kazi ya kusimamia safari za malori bila kutoka nyumbani, mtaa mzima pale mjini Margilan ulimpongeza. Kampuni ilikuwa mji mkuu, Toshkent, yeye akafanyia kazi chumbani. Hivyo mumewe Ikrom, fundi wa milango aliyelazwa kitandani na maradhi ya moyo, asingebaki peke yake. Hasa kwa ajili hiyo aliitaka kazi ile. Meza yake aliiweka hatua mbili kutoka kitandani.

Lakini kazi ikamfuata kila kona ya nyumba. Madereva walimpigia simu mikono yake ikiwa kwenye unga. Mkuu wake, Sanjar, alimtafuta hata Jumapili. "Si upo nyumbani tu, dada?" Mama mkwe, Bi Hojar, naye alikuwa na lake: "Si upo nyumbani? Hebu kapokee wageni." Zulhumor akawa anaitikia huku na huku. Kusema hapana hakuweza.

Ikrom alilichukulia jambo hilo kwa utani.

"Bosi, na mimi niweke kwenye foleni. Niandike nyuma ya lori la viazi."

"Wewe huna mzigo."

"Ninao. Nina maneno tele."

"Basi subiri, namaliza sasa hivi."

Kwa kuwa kupaza sauti kulimchosha, Ikrom alizoea kugonga kikombe kwa kijiko alipotaka kitu. Mkewe akiwa kwenye simu, aliinua kidole bila kugeuka, yaani subiri.

Mwezi wa Mei forosadi ziliiva uani, na Ikrom akaomba atolewe nje, wakae chini ya mti walau nusu saa. "Kesho," Zulhumor akamwambia. Kesho yake udongo uliporomoka ukafunga njia ya mlimani, malori kumi na moja yakakwama. Kesho kutwa, yale yale.

Siku ya tatu, alasiri, alikuwa kwenye mkutano na Sanjar na wateja wawili wenye hasira, vipokea sauti viko masikioni. Kwa mbali akasikia kijiko. Akainua kidole. Kijiko kikagonga tena, safari hii kwa haraka. Kidole akakiacha juu. Kisha kimya. Ameelewa, masikini, akawaza.

Mkutano ulikwenda dakika ishirini zaidi.

"Haya, mume wangu, nimekuja. Sema," alisema akigeuka.

Ikrom alikuwa ameegemea ubavu, macho wazi, chai imemwagika kifuani na imeshapoa.

Baada ya mazishi, wanawake walipopungua, Bi Hojar alimwuliza swali moja tu.

"Ulikuwa wapi?"

"Humu humu, mama."

"Humu chumbani?"

"Humu chumbani."

Bi Hojar akageuka, akaanza kukusanya vikombe. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Daktari alisema hata angegeuka asingeweza kumwokoa, na watu wakayarudia maneno hayo ili kumfariji. Hayakumfariji. Pengine Ikrom hakutaka kuokolewa, alitaka kuangaliwa tu.

Siku ya nne ya msiba Sanjar alipiga simu kutoa pole. Alikuwa na huzuni ya kweli. Kisha akasema, "Samahani sana, dada, zile karatasi za dereva wa safari ya Qo'qon ziko wapi?" Zulhumor akamwelekeza, neno kwa neno. Alipokata simu aliona aibu kwa jinsi jibu lilivyokuwa tayari mdomoni.

Alirudi kazini baada ya siku ishirini, maana ilibidi wale. Siku hiyo hiyo, kabla ya saa kumi na mbili jioni, alimpigia Sanjar. Maneno alikuwa ameyafanyia mazoezi tangu asubuhi.

"Kuanzia leo, saa kumi na mbili nazima simu ya kazi. Jumapili sipo. Na mchana nina saa moja yangu. Kama haifai, tafuta mtu mwingine."

Sanjar alikubali papo hapo.

"Sawa, dada. Jioni nitaweka mtu wa zamu." Kisha, kwa upole, "Mbona hukusema siku zote hizo? Tungepanga tu."

Miaka miwili Zulhumor alikuwa ameliogopa jambo hili, na sasa limekwisha kwa maneno machache, bila hata ugomvi. Alikata simu, akakaa pale mezani akalia, tena kuliko alivyolia siku ya mazishi.

Baadaye alinawa uso, akatoka uani. Bi Hojar alikuwa akichambua mchele. Alimtazama mkwewe, akamsogezea sinia.

"Leo umemaliza mapema."

"Nimemaliza, mama."

Wakachambua pamoja. Jua lilikuwa bado halijazama, na Zulhumor hakujua jioni ndefu namna ile mtu huitumiaje.