Baba Mkwe Anaitafuta Sauti Yangu

Admin, nifiche kabisa, maana hapa mtaani Tuwan watu wananijua. Nina miaka 31, nimeolewa na nina watoto wawili. Kazi yangu ni kupokea simu za ambulansi hapa Kitale. Zamani magari hayo yalikuwa ya hospitali, na dereva akiitwa alienda tu, hata ng'ambo ya mpaka wa kaunti. Kisha kaunti ikapeana kazi hiyo kwa kampuni ya kibinafsi. Kampuni inalipwa kwa wagonjwa wa kaunti yetu ya Trans Nzoia peke yake, kwa hivyo swali la kwanza tunaloagizwa kuuliza si mgonjwa ana nini. Ni uko kaunti gani.

Mchana mmoja mzee alipiga akihema. Mkewe alikuwa ameanguka shambani na hawezi kuongea. Nikauliza swali langu, akasema Bungoma. Nikamweleza gari letu halivuki, nikampa namba ya huko. Akanisihi, "Msichana yangu, mpaka ni hapa tu. Nikisimama naona mahindi ya Trans Nzoia." Simu zingine zilikuwa zinaita na msimamizi ananitazama. Nikamwambia, "Pole mzee, Mungu awashikilie," nikakata. Hayo maneno ya Mungu si ya kampuni. Huwa nayaongeza mwenyewe ili nisijione mbaya sana.

Jioni bwanangu alipigiwa simu kwamba mamake amefariki.

Najua mtauliza nilikosaje kumtambua baba mkwe. Wenzangu wa Bungoma mtanielewa. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawazoeani. Hatukai chumba kimoja, hatushikani mikono, na nikiwa na neno nilikuwa nampitishia mama mkwe. Tangu niolewe, mzee hakuwahi kunisikia nikiongea zaidi ya kunong'ona, na mimi sauti yake sikuizoea, sembuse akihema kwa simu. Siku hiyo alitumia simu ya jirani, na jina sikumuuliza, maana mtu akishasema Bungoma maswali yetu yanaishia hapo.

Kwenye matanga mzee alisimama akasimulia. Ile namba ya Bungoma iliita tu bila kushikwa. Wakampakia mama kwenye bodaboda, katikati ya dereva na jirani, akakata roho kabla wafike hospitali kule Misikhu. Kisha akasema, "Ule msichana aliniambia Mungu awashikilie. Hiyo sauti nikiisikia hata sokoni nitaijua." Nilikuwa nje napakua chakula, mwiko ukanitoka mkononi. Watu wakadhani ni uchungu wa kumpoteza mama, wakaja kunishika. Na uchungu ulikuwepo, kwa sababu mama yule alinipenda kama amenizaa.

Tangu hapo naiogopa sauti yangu mwenyewe. Kwaya nimeacha. Kazini simu ikiita, namsikia mzee kabla sijaishika. Mtoto wangu mdogo akitaka nimwimbie, namwimbia kwa kunong'ona, na ameanza kuniuliza kama koo linaniuma. Kuna siku nawaka hasira, najiambia mkataba sikuandika mimi, na ningetuma gari ningefutwa kazi. Halafu nakumbuka nilikata simu akiwa bado anaongea.

Sasa mzee amebaki peke yake. Amemwambia bwanangu kwamba mimi ndiye mama wa boma, na atachinja mbuzi ili ile heshima ya kutozoeana ilegezwe. Anataka nimpikie, nimsalimie, tuongee kama baba na binti. Ni Jumamosi hii. Bwanangu amefurahi mpaka anapiga mluzi nyumbani, na dada zake wamenishonea nguo.

Nikinyamaza nitakuwa nimemdharau mzee mbele ya ukoo mzima. Nikiongea atanijua. Bwanangu anajua kazi yangu, lakini wasichana wa simu tuko wengi, hajawaza kwamba ni mimi. Nikimwambia mapema, sijui kama atanitazama tena, kwa sababu ni mamake. Nishaurini, ndugu zangu, lakini msinitukane, nimeshajitukana ya kutosha. Jumamosi mzee atanyoosha mkono anisalimie kwa mara ya kwanza, na wote watanyamaza wangoje niitikie. Nitaitikia nikisema nini?