Penseli za Mtunza Nyaraka

Kila Corinne anapoingia chumba cha nyaraka cha chuo chao kidogo huko Ohio, mtunza nyaraka humnyang'anya kalamu ya wino na kumpa penseli aliyoichonga mwenyewe. Kisha huandika namba ya boksi polepole, kila saba akiikata kiunoni kwa kistari. "Umenawa mikono, binti?" huuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka kuuliza, hata kama mikono bado inachuruzika maji. Leo Corinne aliiweka penseli mezani. Tasnifu yake ya historia inatakiwa Ijumaa, naye amesoma barua za wakulima waliokufa zamani hadi macho yanamwasha.

"Mama, mimi naacha. Nani atayasoma haya?"

"Weka sahihi kwanza, ndipo uache," mtunza nyaraka alisema, akimsukumia boksi. Ndani ya kifuniko kulikuwa na kadi ya wasomaji kutia sahihi. Aliyetangulia alikuwa mmoja tu. Jina lilikuwa limefutika, lakini tarehe ilisomeka: 17 Aprili 1987, saba zote mbili zimekatwa kiunoni.

Corinne akainua macho. "Tasnifu yako, uliimaliza?"

Mtunza nyaraka akachukua penseli iliyokuwa tayari kali, akaanza kuichonga upya. "Tunafunga saa kumi na moja," alisema. "Keti."