Nilivaa Msiba wa Guru Wangu Akiwa Hai

"Kajri, hebu niambie. Mimi nimekufa lini?"

Guru aliniuliza hivyo mbele ya nyumba nzima. Alikuwa ameketi pale, mzima wa afya, anakula poha yake ya asubuhi.

Msicheke. Hata sisi hakuna aliyecheka.

Ngoja niwape mkasa wote. Naishi Bhopal, India. Mimi ni hijra: nilizaliwa nikaitwa mvulana, nikakua najijua mwanamke, baba akanitimua. Gulnaz Guru, mama mlezi na mkuu wa nyumba yetu ya hijra, akaniokota. Alinipa jina, akanipa godoro, akanifundisha kucheza harusini na kubariki watoto wachanga.

Kucheza kulinishinda. Nikiingia uwanjani hata mpiga ngoma ananionea huruma.

"We Kajri, unacheza au unaua mende?" Bijli alikuwa ananisema. Huyo ndiye binti mkubwa wa Guru, mdomo kama pilipili.

Nilitaka kazi ya kukaa kwenye kiti. Basi. Kiti na meza.

Nikaanza kwenda kwa kaka Tapan. Yeye ni shoga, hafichi, na kazi yake ni kuwashauri vijana waliotemwa na familia zao: mashoga, wasagaji, na sisi hijra. Ana chumba juu ya duka la cherehani. Anakufundisha kujieleza, anakutafutia pa kuanzia.

Akanipatia usaili. Zahanati ya macho, mapokezi.

"Vaa sari nyeupe," akasema. "Mikono mitupu. Bangili zote vua."

Nikamtazama. "Kaka, unajua kwetu hiyo ni nini? Nyeupe bila bangili ni ya aliyefiwa na guru wake. Tunakaa kama wajane."

"Ofisini hawayajui hayo. Vaa."

Nikasema moyoni, wasomi bwana.

Lakini kazi nilikuwa naitaka. Asubuhi ile nikavaa, nikajifunika shali kubwa mpaka vidoleni, nikanyata kuelekea mlangoni.

"Njoo uniage kwanza," Guru akaita.

Nikainama niguse miguu yake. Akaishika ile shali kwa mkono wake mwenyewe, akaivuta.

Ndipo akauliza lile swali.

Bijli alishavua kandambili. "Mchawi wewe! Unamwombea mama kifo? Mama aliyekuokota jalalani?"

"Mwache," Guru akasema. "Maiti hagombi. Leteni bangili zake mzivunje, kama desturi inavyotaka."

Wakazivunja pale uani. Guru akageukia ukuta.

Nilidhani nitalia. Sikulia. Mwili ulikufa ganzi, miguu ikanitoa nje yenyewe.

Kwenye usaili daktari mkuu, mama mmoja wa miwani, aliniuliza jambo moja tu la maana. "Guru wako hatakuja na watu wake kutupigia makofi mlangoni na kutuaibisha, wakikudai?"

"Amekufa," nikasema.

"Pole sana. Utaanza Jumatatu."

Nilipata kiti. Nilipata meza. Nikapanga kachumba nyuma ya stendi, nikawa nakula, nalala, naamka. Watu waliniuliza kama nina furaha. Nikawajibu ndiyo, maana ndivyo watu wanavyojibu.

Siku moja nikanunua peremende za maziwa, nikaenda nyumbani kuomba radhi. Bijli akachungulia.

"Guru hana mtu wa jina hilo." Akafunga.

Nikapanda moja kwa moja kwa Tapan, nikazibwaga zile peremende mezani. "Ushauri wako huo! Umenipa kazi, ukaninyang'anya mama."

Akanivutia kiti, akanimiminia chai. Kisha akasema, "Ile nyeupe haikuwa akili yangu. Gulnaz Guru alikuja hapa."

Nikamwambia aache utani.

"Alikaa hapo ulipokaa. Akasema binti wa guru aliye hai haondoki mpaka baraza la wakubwa wenu limruhusu, na hilo baraza halijamwachia mtu. Lakini aliyefiwa hana mwenyewe, huenda atakako. Akasema nikuvishe nyeupe. Nyumba nzima ikishaona, yeye kwako atakuwa amekufa, na hakuna atakayekudai."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua utaigiza, na wewe kuigiza hujui, kama kucheza. Bijli angekushtukia."

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Bado machozi hayakuja. Nilijua tu kwamba yule mama alikuwa amenipa kila kitu, pamoja na kifo chake, na sina ruhusa ya kumshukuru.

Mwaka huu amekuja zahanati. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Bijli alikuwa amemshika mkono, ananikodolea.

Nikafanya kazi yangu. "Jina, mama?"

Sauti yangu aliijua. Niliona kidevu kinatetemeka. "Gulnaz."

"Una ndugu wa karibu wa kukuangalia baada ya upasuaji?"

"Ninao hawa." Akapapasa ukingo wa meza yangu. "Nilikuwa na mwingine. Huyo alifiwa, masikini. Nasikia siku hizi ana kazi nzuri."

"Anaendelea vizuri, mama," nikasema.

Bijli akanitazama, akamtazama Guru, akatazama chini. Hakusema kitu. Bijli yule!

Nikawaonyesha benchi. Kisha nikamwita mgonjwa anayefuata, nikamwandikisha huku machozi yananidondokea mezani, naye akadhani naumwa macho.

Ndugu zangu, mtu akikufungia mlango usikimbilie kumlaani. Tazama kwanza anamzuia nani: wewe usiingie, au walio nyuma yake wasikufuate.