Mawingu Nyuma ya Brayan

Kwa miaka tisa, wakazi wengi wa Majengo mjini Tunduma wamejua nani amefariki kwa kufungua status ya WhatsApp ya Ambakisye Nzunda. Hakupanga iwe hivyo. Ana kibanda cha usanifu na uchapaji kando ya barabara iendayo mpakani, kompyuta moja na printa mbili, na kazi inayomfikia zaidi ni ratiba za mazishi: karatasi iliyokunjwa, picha ya marehemu mbele, historia fupi ndani, utaratibu wa ibada nyuma. Akimaliza kuisanifu huiweka kwenye status ili ndugu walio mbali waone siku na saa. Watu wakazoea. Asubuhi, kabla hawajafungua maduka, hupita kwanza kwa Ambakisye.

Ana umri wa miaka arobaini na miwili, mzaliwa wa Ruanda wilayani Mbozi, mtoto wa wakulima wa kahawa. Alianza kwa kuandika vibao vya maduka kwa brashi huko Vwawa, kisha akafundishwa kompyuta na mwalimu wa kwaya yake. Ni mtu wa taratibu, mwenye mkono safi. Anachokionea fahari ni kurudisha nyuso. Familia huja na picha ya kitambulisho, ndogo kama ukucha, yenye mkunjo katikati ya paji la uso; baada ya saa mbili marehemu ana uso kamili, shati lenye kola, na mawingu meupe nyuma yake. Mke wake, Tabita, humtania kwamba ana wateja wapole kuliko fundi yeyote mjini, maana hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika. Zamani alicheka. Miaka ya karibuni utani huo ulianza kumchoma. Alitaka angalau kazi moja ambayo mwenye picha angeiona mwenyewe.

Ilikuja Aprili mwaka huu. Raudha Abdulwahab, aliyekuwa mwalimu wa sekondari na sasa anaendesha chumba cha kusomea vijana katika stoo ya zamani ya marehemu baba yake, alimletea kazi ya jarida. Kurasa kumi na sita, muziki mtupu, kwa wasomaji wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na tisa. Makala walikuwa wameziandika vijana wenyewe, na jina walishalichagua: Kiitikio. Lingezinduliwa Jumamosi moja ya mwisho wa Mei saa nne asubuhi, pale pale chumbani, kabla shule hazijafungwa.

Ambakisye aliwauliza vijana wanataka lionekane vipi, na hapo ndipo alipoanza kupotea. Mmoja alisema liwe chafuchafu. Mwingine alisema lisijazwe sana, ila lisiwe tupu. Wa tatu alimwonyesha kwenye simu picha nyeusi tii yenye herufi ndogo za kijani pembeni, akasema, "Kama hivi, lakini sio hivi." Aliandika yote kwenye daftari. Binti yake Fortunata, wa kidato cha tatu, naye alikuwa mmoja wa kikundi hicho. Alipoombwa afafanue, alimwambia baba yake kwamba wangejua wakiona.

Basi akafanya anachokijua. Msanii wa jalada alikuwa Brayan Simwinga, kijana wa miaka ishirini anayeosha malori huko Mpemba, nje kidogo ya mji, ambaye wimbo wake "Foleni" ulikuwa unachezwa na madereva wa pande zote mbili za mpaka. Anaimba Kiswahili, kiitikio kina maneno ya Kibemba, na katikati anaingiza Kinamwanga cha bibi yake aliyemlea kijijini Ivuna. Ambakisye alipewa picha zake kumi na moja. Nyingi aliziona mbovu: kijana anageuka, kijana anacheka mdomo wazi, kijana amekatwa na ukingo wa picha. Akaziacha zote, akachukua ya kitambulisho, aliyoiomba kwa Brayan mwenyewe. Akaisafisha siku nzima. Akaizungushia umbo la yai na ukingo wa dhahabu juu ya rangi ya zambarau, akaweka maua meupe pembe mbili za chini. Nyuma ya kichwa akaweka mawingu. Juu aliandika jina la jarida kwa herufi za kuviringa. Chini ya picha: Brayan Simwinga, alizaliwa tarehe 14 Aprili 2005. Na chini kabisa: Soma historia yake fupi, ukurasa wa tatu.

Alhamisi, siku mbili kabla ya uzinduzi, saa tano asubuhi, alichapa nakala moja ya majaribio, akaitazama kwa mbali, akaridhika. Aliona ndiyo kazi bora aliyowahi kufanya. Akaipiga picha na kuiweka kwenye status.

Majibu yalianza kabla hajaketi. Wa kwanza aliandika "Poleni." Ambakisye alidhani anapewa pole ya kazi, akajibu asante. Wa pili alituma mikono iliyokunjwa ya kuomba. Wa tatu aliuliza ni lini, naye akajibu: Jumamosi saa nne, karibuni wote. Hadi saa nane ujumbe ulikuwa umepita sabini. Alishangaa kuona watu wazima, wakiwemo wazee wa kanisa, wakilipokea jarida la vijana kwa uzito namna ile. Mmoja alimwandikia kwamba kijana huyu alikuwa bado mdogo sana, naye akakubali kwamba ndiyo, ni mdogo, lakini amejitahidi.

Brayan hakujua lolote. Akiwa kazini, simu yake huizima na kuiacha kwenye kibanda cha kuchajia, mbali na maji, na wiki hiyo malori yalikuwa mengi hata akalala huko huko Mpemba. Ndugu zake walipompigia hawakumpata, na kutopatikana kwake kukawa ushahidi.

Ijumaa saa tisa alasiri pikapu ilisimama mbele ya kibanda cha Ambakisye. Wakashuka wanawake watano waliojifunga khanga kichwani na wanaume wawili. Walikuwa wametoka Ivuna alfajiri, na vumbi la barabara ile lilikuwa limewakaa hadi kwenye kope. Aliyetangulia alikuwa mjomba wa Brayan, Anyosisye, mchemsha chumvi. Alikuwa ameshika simu yenye picha ya jalada, ambalo pembeni lilikuwa na jina la kibanda na namba ya fundi. Alisalimia kwa adabu, akauliza mwili uko wapi.

Ambakisye aliuliza mwili wa nani.

"Baba, tumetoka mbali," mjomba alisema. "Wa Brayan. Wewe si ndiye uliyemtengeneza?"

Kwa maelezo yake mwenyewe, hata wakati huo hakuelewa. Kwa muda alidhani Brayan amekufa kweli, usiku uliopita, na kwamba yeye ndiye wa mwisho kujua. Akakaa chini. Mmoja wa wanawake, alipomwona fundi naye amekaa chini, akaanza kulia, na wengine wakampokea. Majirani walitoka madukani. Mshona nguo wa mlango wa pili ndiye aliyeuliza swali la maana: kama marehemu ni yule muosha malori, mbona asubuhi amemwona Mpemba akinunua vitumbua?

Pikapu ikaenda Mpemba, Ambakisye akiwa nyuma pamoja na wanawake. Brayan alikuwa chini ya tela, buti za mpira hadi magotini, povu mikononi. Alitoka akiwa ameinama, akauona ukoo mzima umesimama kwenye matope, akauliza nani amefariki.

Bibi yake, Bibi Tabu, mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu, alimwendea, akamshika masikio yote mawili kama anayepima kitu sokoni, akamwinamisha, akamnusa kichwani. Kisha akaomba chakula. Hakutaka kula yeye. Alitaka Brayan ale, pale pale, mbele ya watu wote waliokuja kumlia. Wakaletewa wali maharage kwa mama ntilie. Brayan alikula amesimama, sahani yote, huku watu kumi na kitu wakimtazama akimeza. Madereva waliokuwa wakisubiri malori yao yaoshwe walizima injini.

Alipomaliza, Bibi Tabu alimgeukia Ambakisye. Hakupaza sauti.

"Umemvika mawingu mjukuu wangu. Kwani hapa chini hapakuwa na nafasi?"

Ambakisye alisema alitaka apendeze. Bibi akamwambia amependeza, ndiyo maana waliamini.

Uzinduzi uliahirishwa. Raudha hakumlaumu mbele ya watu. Alimpigia Ijumaa ile ile jioni, akamwita fundi kama kawaida, akamweleza kwamba kuna msanifu Mbeya aliye tayari kuanza upya, na kwamba kama hadi Jumatatu mchana hatakuwa na jalada ambalo vijana wamelikubali, kazi itakwenda huko. Ambakisye hakulala vizuri siku zile, lakini anasema si kwa sababu ya vilio vya wale wanawake, ambavyo vilikuwa vimeisha vizuri. Alikuwa ameweka jalada mbele yake, analitazama, na halioni kosa. Uso ulikuwa kamili, maua yalikuwa mapya, si yale ya ratiba. Mtu anayeheshimiwa alipaswa aonekane vipi zaidi ya hivyo?

Jumapili baada ya ibada alibeba kompyuta hadi chumba cha kusomea. Vijana tisa walikuwa wanamsubiri. Walikuwa wamepanga wasicheke, na walijitahidi. Aliwafungulia zile picha kumi na moja, akawaomba wachague. Hawakubishana hata dakika mbili. Walichukua ile aliyoitupa ya kwanza: Brayan akipita mbele ya tairi la lori, ndoo mkononi, mguu mmoja hewani, paji la uso limekatwa na ukingo wa juu na jicho moja tu ndilo linaloonekana vizuri.

"Huyu hana paji," Ambakisye alisema.

"Ndiyo, tunaona."

"Naweza kumrudishia. Nipeni saa moja."

Walikataa wote kwa pamoja. Akawaeleza, kwa upole wa fundi anayeeleza wateja, kwamba kumkata mtu kichwa kwenye picha ni kumdharau, kwamba kuna familia ingemrudishia karatasi zote kwa kosa hilo. Walimsikiliza. Kisha Fortunata, ambaye hadi hapo alikuwa ameangalia meza, akamwambia:

"Baba, wewe mtu unamweka kama anatuaga. Huyu anapita tu. Kesho atapita tena."

Aliiandika sentensi hiyo kwenye daftari, chini ya "liwe chafuchafu". Bado ipo. Anasema ameisoma mara nyingi na anaelewa kila neno, moja moja.

Akaondoa yai, dhahabu, maua, tarehe ya kuzaliwa. Mawingu aliyaacha hadi mwisho, akauliza kama angalau kipande kimoja kingebaki pembeni. Kikaondoka. Historia fupi ikaitwa "Brayan anasema". Jina la jarida likashushwa chini, karibu na ndoo, kwa herufi za kawaida, za bluu ya turubai la lori. Kila alipokuwa akisogeza kitu, aliwatazama usoni, kwa sababu kwenye skrini hakuona tofauti kati ya kosa na sahihi. Nyuso zao zilipotulia, alisimamisha mkono. Jumatatu saa nne asubuhi Raudha aliliona jalada, akasema, "Sawa, fundi. Kazi ni yako." Likaenda kuchapwa Mbeya.

Nakala mia tatu zilikwisha siku mbili kabla ya likizo. Nyingi zilichanwa jalada, likatumiwa kujalidia madaftari. Ambakisye alipoona hivyo alidhani wamelikataa, na ilibidi Raudha amweleze kwamba hapana, kinyume chake. Brayan alikuja kibandani kuchukua nakala yake, akaitazama akiwa amesimama mlangoni, akacheka mdomo wazi, akasema, "Mzee Amba, noma sana. Natotela, mukwai," asante ya ng'ambo ya mpaka. Akaondoka nayo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Ambakisye kuona mwenye picha akiichukua kazi yake mwenyewe kwa mkono. Alifunga kibanda mapema siku hiyo. Toleo la pili amepewa yeye.

Mwezi Agosti walikuja watu wawili kutoka Nanyala, baba na binti yake wa miaka kama kumi na saba. Walikuwa wamefiwa na kijana, kaka wa yule binti. Baba alitoa kitambulisho mfukoni, akakiweka mezani. Binti alitoa daftari lake la jiografia, lililojalidiwa kwa Brayan na ndoo yake, akaliweka juu ya kitambulisho. Kisha akatoa simu yenye picha ya kaka yake: ametazama pembeni, anatoka nje ya picha, nusu ya kichwa haipo.

"Nataka awe kama huyu," alisema.

Ambakisye alimwonyesha mawingu. Alimwonyesha maua mapya. Alimwambia kwamba paji linaweza kurudi, lingeungana vizuri, hakuna ambaye angejua. Binti alitikisa kichwa kila mara. Fundi akamgeukia baba, mtu wa rika lake, mkulima kama baba yake, akasubiri amkemee mtoto.

"Mfanyie anavyosema," baba alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa anaelewana naye."

Akafanya. Anasema alipofika kwenye ukingo wa juu aliuliza tena, akate hapa? Binti akajibu, hapo hapo. Akaandika tarehe mbili chini, kwa bluu ya turubai. Ratiba zilipotoka kwenye printa, baba alizihesabu, binti akachukua moja akaishika kifuani, wakaenda zao.

Siku hiyo Ambakisye hakuweka kitu kwenye status. Alishaipiga picha, ikawa tayari kwenye simu, kidole kiko juu ya kitufe. Jioni watu watatu walimpigia kuuliza kama kuna msiba mahali, maana waliona kimya. Aliwaambia upo, Nanyala, kesho saa saba mchana. Walipomuuliza kwa nini hakuweka picha, aliwajibu kwamba hakujua wangemwona kijana yule yuko wapi: anaaga, au anapita tu.